Maktaba ya shule si ghala: ufunguo apewe msomaji

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma kuhusu njia za kuziendeleza maktaba za shule.

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi wa Umma,

Hapana mtu katika nchi hii anayebisha kwamba shule yahitaji maktaba. Jambo hilo limesemwa katika mikutano mingi na kuandikwa katika miongozo mingi. Ramani ya shule mpya ya sekondari inapochorwa, chumba cha maktaba huchorwa pamoja na madarasa na maabara. Haja yake, basi, haina ubishi. Tatizo lipo katika matumizi. Katika shule nyingi kipo chumba chenye kibao mlangoni kilichoandikwa "Maktaba", na chini ya kibao lipo kufuli. Ndani vitabu vipo, baadhi yake vingali katika maboksi yaliyovileta. Nje wanafunzi wapo, wakigombania kitabu kimoja cha kiada watu watatu au wanne. Baina ya vitabu na wanafunzi kuna mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo umo mfukoni mwa mwalimu mmoja, ambaye siku hiyo amekwenda semina makao makuu ya wilaya.

Katika zama hizi za kompyuta na simu za mkononi, wako wanaodhani kwamba dawa ya hali hiyo ni mitambo. Husemwa kwamba shule zikipata kompyuta, vishikwambi na intaneti, tatizo la maktaba litakuwa limekwisha. Fikira hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeanzia mwisho. Mtambo hauwezi kuifungua maktaba iliyofungwa na utaratibu. Kompyuta ikiletwa katika shule inayofungia vitabu itafungiwa kabati lile lile, kwa ufunguo ule ule, na kwa sababu zile zile. Hapana budi, kabla ya kuzungumzia mitambo, kuzitazama sababu hizo.

MILANGO ILIYOPANUKA

Kazi ya kujenga maktaba za umma ilianza mapema baada ya Uhuru. Sheria ya mwaka 1963 iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika, na Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Ulikuwa ni mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1975 ilitungwa sheria nyingine iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Katika miaka hiyo kampeni ya kufuta ujinga ilikuwa imepamba moto, na maktaba za vijijini zilianzishwa ili mtu mzima aliyekwisha kujifunza kusoma asikose cha kusoma. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hadi asilimia 39.

Yaliyofuata ni fundisho. Miaka ya 1980 ilikuja na uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni. Vitabu vipya vikawa haba, vya zamani vikachakaa, na maktaba nyingi za vijijini zikafa. Wakati huo huo shule zilikuwa zimejaa watoto, kwa sababu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa umeanza mwaka 1977. Hali kama hiyo ilionekana tena mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa na watoto wakamiminika madarasani. Kila mara mlango wa darasa ulipopanuliwa, mlango wa maktaba ulibaki vile vile. Taifa lilijitahidi kumfikisha mtoto shuleni, lakini halikujitahidi kiasi hicho kukifikisha kitabu mikononi mwake.

KUFULI NA DAFTARI

Kwa nini mwalimu mwenye moyo mwema hufungia vitabu? Jibu la haraka ni kwamba hana wakati. Hilo ni kweli, kwani mwalimu anayepewa jukumu la maktaba huwa na vipindi vyake vyote vya kufundisha, na aghlabu hakupata mafunzo ya ukutubi. Lakini ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni hofu.

Kitabu cha shule ni mali ya umma. Kimepokewa, kimepigwa mhuri, kimeandikwa katika leja. Mkaguzi anapokuja huifungua leja, huhesabu, na panapopungua huuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana mtumishi wa umma anayefaa kuipinga hekima hiyo. Ila yafaa kutazama ni swali gani linaloulizwa. Mwalimu huulizwa vitabu vingapi vimepotea. Ni mara chache sana anapoulizwa vitabu vingapi vimesomwa. Mwalimu huyo si mjinga: anajibu swali analoulizwa. Njia ya hakika ya kutopoteza hata kitabu kimoja ni kutoazimisha hata kitabu kimoja. Kwa hiyo hesabu za leja hutoka safi, mkaguzi huridhika, na watoto humaliza shule bila ya kusoma kitabu kizima kisichokuwa cha mtihani.

Mkulima hasifiwi kwa sababu jembe lake ni jipya baada ya miaka kumi. Jembe kama hilo ni ushahidi kwamba hakulima. Kadhalika kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto mia kimefanya kazi ya umma, bali kilichobaki kinang'aa kabatini hakikufanya kazi yoyote, na fedha zilizokinunua zimepotea ingawa leja yasema kipo. Daftari lililotungwa ili kulinda mali limegeuka kuwa njia ya kuipoteza.

Hapana anayependekeza kwamba leja zitupwe. Linalotakiwa ni leja kuongezewa safu. Pawe na safu ya vitabu vilivyochakaa kwa kusomwa, mbali na safu ya vitabu vilivyoibwa au kupotezwa kwa uzembe. Kamati ya Shule au Bodi ya Shule ikubaliane mapema, kwa maandishi, kiasi cha uchakavu na upotevu kinachotazamiwa kwa mwaka, na mwalimu asibughudhiwe kwa kilicho ndani ya kiasi hicho. Tena pawe na safu ya idadi ya vitabu vilivyoazimwa kila mwezi, na anayekuja kukagua aanzie hapo. Mabadiliko haya hayahitaji mfadhili wala umeme. Yanahitaji waraka na sahihi ya mwenye madaraka.

MSOMAJI KWANZA

Hofu ikiisha kupunguzwa, swali linalofuata ni la mipango. Maktaba nyingi za shule zilipangwa kwa kutazama kilichopatikana, wala si kwa kumtazama atakayekitumia. Shehena ya vitabu hutoka ng'ambo, hupokewa kwa picha na hotuba, kisha hugundulika kwamba humo mna historia ya majimbo ya Marekani na masomo yasiyomo katika mtaala. Shukrani hutolewa, rafu hujaa, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hubaki vile vile.

Mwanafunzi huyo ana haja zake mahsusi. Kwa miaka ya shule ya msingi ya umma alifundishwa kwa Kiswahili, na ghafla amekutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Anahitaji vitabu vyepesi vya kumvusha, hadithi fupi za Kiingereza chepesi, kamusi, na vitabu vya sayansi vya Kiswahili vitakavyomsaidia kulielewa jambo kabla ya kulisema kwa lugha ngeni. Mwalimu wa maktaba anayelijua hilo ataagiza vitabu vichache na vitasomwa. Asiyelijua atapokea maelfu na yatakaa.

Mpango unaomtazama msomaji hauhitaji utaalamu wa ajabu. Wanafunzi waulizwe. Liwepo daftari dogo la vitabu vilivyoombwa vikakosekana, na daftari hilo ndilo liongoze ununuzi wa mwaka unaofuata. Saa za kufungua zitazamwe pia. Mtoto anayetembea mwendo mrefu kurudi nyumbani, na msichana anayengojewa kuteka maji, hawawezi kuitumia maktaba inayofunguliwa baada ya saa za masomo tu. Kwao maktaba hiyo ni kana kwamba haipo. Mapumziko ya mchana yanaweza kuwa saa bora kuliko zote.

Hata mpangilio wa rafu wastahili kufikiriwa. Maktaba nyingi ulimwenguni hufuata utaratibu wa namba uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, unaoyagawa maarifa yote katika mafungu kumi. Ni utaratibu wenye manufaa makubwa kwa maktaba kubwa. Lakini Dewey aliyapanga maarifa kama yalivyoonekana kutoka Marekani ya wakati wake. Fasihi za Ulaya zilipewa nafasi pana, na fasihi ya Kiswahili ikaja kupata mahali pake kwenye namba 896.392, katika fungu la lugha nyinginezo. Kumwambia mtoto wa Darasa la Nne atafute hadithi za lugha yake mwenyewe chini ya namba kama hiyo ni kumfukuza kwa adabu. Katika shule ya msingi yafaa zaidi rangi: utepe mwekundu kwa hadithi, wa kijani kwa sayansi na kilimo, wa buluu kwa historia na jiografia. Namba za Dewey atazikuta mbele ya safari, atakapokuwa amekwisha kupenda kusoma.

Wako majirani waliolielewa jambo hili vizuri. Nchini Kenya, mwaka 1996, idara ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, katika nchi kavu ya kaskazini mashariki, ambako wafugaji huhamahama na magari hushindwa na mchanga. Wenye maktaba hawakusema kwamba wafugaji wahame waje mjini. Walitazama msomaji yuko wapi, anaishije, na ni chombo gani kinachofika kwake. Huo ndio usasa wa kweli. Ngamia ni chombo cha kale, lakini fikira iliyomtwisha vitabu ni mpya kuliko kompyuta iliyofunikwa kitambaa katika ofisi ya mkuu wa shule.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Shule moja ya kijijini haiwezi kununua vitabu vyote inavyohitaji. Shule tano za kata moja zikishirikiana zaweza kupiga hatua. Kila shule ikichangia vitabu hamsini vya hadithi na kuvitia katika sanduku la mbao, na masanduku hayo yakabadilishana shule kila muhula, mtoto wa kata hiyo atakuwa amekutana na vitabu mia mbili na hamsini kwa gharama ya hamsini. Tena kitabu kilichokaa mwaka mzima katika shule moja huzoeleka, bali sanduku jipya linapofika watoto hukimbilia kuona lina nini. Vituo vya Walimu vilivyomo katika kata mbalimbali vinafaa kuwa mahali pa kubadilishana masanduku na kutengeneza majalada yaliyobanduka.

Ushirikiano wa pili ni ule wa shule na maktaba za mikoa na wilaya. Bodi ya Huduma za Maktaba inao wakutubi waliosomea kazi yao, na tangu mwaka 1989 kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka huko Bagamoyo. Kutazamia mkutubi wa cheti katika kila shule ya msingi ni kujidanganya kwa sasa. Lakini mkutubi mmoja wa mkoa anaweza kuwafunza walimu ishirini kwa juma moja wakati wa likizo: namna ya kuandikisha, kuazimisha, kutengeneza kitabu kilichochanika, na kuchagua cha kununua. Kinachohitajika ni Afisa Elimu na mkutubi kukaa meza moja, jambo ambalo si la kawaida kwa sababu kila mmoja ana fungu lake na barua zake.

Ushirikiano wa tatu, na pengine wa maana kupita yote, ni ule wa mwalimu na wanafunzi wenyewe. Wanafunzi sita wa darasa la juu waliofundishwa kushika daftari la kuazimia waweza kuiendesha maktaba kila siku, mwalimu akikagua mara moja kwa juma. Hapa ndipo ufunguo unapohama kutoka mfuko mmoja. Wenye shaka husema kwamba wanafunzi wataiba. Huenda vitabu vichache vikatoweka, na ndiyo maana kiasi cha upotevu hukubaliwa mapema. Lakini mtoto aliyekabidhiwa dhamana hujifunza uaminifu, na jambo hilo halifundishiki kwa kufuli.

MITAMBO MAHALI PAKE

Sasa ndipo yafaa kuizungumzia mitambo, na manufaa yake si madogo. Mkongo wa kwanza wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti yaliongezeka nguvu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ilionekana wazi tofauti baina ya mtoto mwenye njia ya kupata kitabu nyumbani na asiyekuwa nayo.

Kwa shule isiyo na intaneti ya kutegemewa, ipo njia isiyojulikana sana na walimu. Ni seva ndogo, kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiganja, ambayo hubebeshwa maelfu ya vitabu na masomo, kisha hutoa mawimbi yake yenyewe yanayopokewa na vishikwambi na kompyuta zilizo jirani, bila intaneti wala vocha. Programu za Kiwix na Kolibri zilibuniwa kwa kazi hiyo na hazilipiwi. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, hutoa hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa ruhusa ya kunakili na kuchapa bure. Seva kama hiyo huendeshwa kwa umeme mdogo wa jua. Mwalimu akienda mjini mara moja kwa muhula huiongezea mambo mapya na kurudi nayo katika mkoba.

Kwa upande wa kumbukumbu, zipo programu za kuendeshea maktaba zisizouzwa. Iliyoenea zaidi ni Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, na jina lake katika lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Hata hivyo lazima pawe na kiasi. Shule yenye vitabu mia nne haihitaji Koha. Inahitaji daftari na kalamu. Koha ina manufaa pale wilaya nzima inapotaka kuwa na orodha moja ya vitabu vya shule zake zote, ili mwalimu wa fizikia ajue kwamba kitabu anachokitafuta kipo shule ya pili, kilomita sita tu kutoka kwake.

Mitambo ina deni lingine ambalo halijalipwa, nalo ni deni la wanafunzi wasioona. Mtoto asiyeona kwa muda mrefu amesubiri vitabu vya nukta nundu ambavyo ni vikubwa, ghali na vichache. Kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti humpa maandishi yale yale wanayopata wenzake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, huruhusu vitabu kugeuzwa katika maumbo yanayosomeka kwa watu wasioona bila ya kizuizi cha haki miliki. Shule inayopokea kompyuta moja tu ingefanya vema kujiuliza kama mtoto huyo si wa kwanza katika foleni.

Lakini kila mtambo unaonunuliwa uje na bajeti ya matengenezo, na mtu anayejulikana kwa jina atakayeutengeneza. Kompyuta iliyokufa ni mbaya kuliko kukosa kompyuta, maana shule huhesabiwa kwamba imekwisha kupata. Na hofu ya leja iliyofungia vitabu itafungia vishikwambi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa bei yake ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu waraka wa uchakavu lazima utangulie mitambo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwenye madaraka ya elimu abadili swali la ukaguzi. Mwalimu Mkuu aliweke suala la maktaba mbele ya Kamati yake na kukubaliana juu ya uchakavu. Mwalimu wa maktaba awaulize wanafunzi na awakabidhi daftari. Mkutubi wa mkoa atoke ofisini, na mfadhili aulize kwanza kinachohitajika. Hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kumngojea mwenzake.

Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi wa Umma, mtoto anayeanza Darasa la Kwanza mwaka huu hawezi kuahirisha utoto wake hadi mipango ikamilike. Miaka yake ya kujifunza kupenda kusoma ni michache, na ikipita hairudi. Vitabu alivyonunuliwa kwa jasho la umma vingine vimo tayari katika chumba chenye kibao. Kazi ya kesho asubuhi, kabla ya seva na kabla ya mkongo, ni kulifungua kufuli hilo na kumwachia aingie.